Mafunjo na Mpaka wa Maji Usiotulia

 Nimeombwa nizungumzie mimea ya ardhioevu. Mimea hiyo ni mingi, na mhadhara mmoja ukitaka kuigusa yote utageuka orodha. Nimechagua mmoja, mafunjo. Ndio unaokatwa, unaochomwa na kulimiwa juu yake kila siku katika nchi zote zinazolizunguka Ziwa Viktoria, na naamini kwamba sheria zetu, mipango yetu na hata ramani zetu hazijaelewa mmea huu unaishi wapi.

Tuanze na mmea wenyewe. Kila mkulima aliyemo humu anaijua ndago, lile gugu ambalo ukiling'oa leo, baada ya siku chache limechipua upya kwenye tuta lilelile. Mafunjo ni ukoo mmoja na ndago. Kata shina la ndago, kisha ukate la mafunjo: yote mawili yana pembe tatu, na ndani yake hakuna uwazi kama wa tete, bali nyama nyeupe, laini na nyepesi. Tofauti iko kwenye kimo. Ndago hulingana na mguu wa mtu; mafunjo hufika mita 4, hata 5. Mwanabotania wa Sweden, Carl Linnaeus, aliyaandika kwa jina la Cyperus papyrus mwaka 1753, na hilo ndilo jina lake la kisayansi mpaka leo. Waluo huyaita togo, Waganda huyaita ebitoogo, na Wanyarwanda wana jina lao linalokaribiana sana na letu.

Majani ya mafunjo huyaoni, kwa maana yamebaki kuwa magamba ya kahawia pale shina linapoanzia. Kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua imehamia kwenye shina lenyewe la kijani na kwenye kile kichwa cha nyuzi nyingi kilichoko kileleni. Njia yanayotumia ni ile ya mahindi na miwa, inayofaa penye joto na jua kali. Chipukizi humaliza kurefuka kwa miezi miwili mitatu, huishi miezi michache mingine, kisha hukauka. Lakini kabla ya kukauka hurudisha sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi yake kwenye shina mama. Shina mama hilo, ambalo wataalamu huliita rizomu, halisimami. Hulala majini au topeni, likanenepa, likatambaa, likasokotana na ya jirani zake hadi ikapatikana tabaka nene linaloweza kuelea juu ya maji na kumbeba mtu mzima. Katika miaka ya 1980 wanasayansi wa Kenya, Francis Muthuri na Imbamba, pamoja na mwenzao Michael Jones kutoka Dublin, walipima ukuaji wa mafunjo ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, na vipimo vyao viliuweka mmea huu miongoni mwa mimea ya mwituni inayokua kwa kasi kubwa kabisa duniani. Hakuna anayeutia mbolea. Hula kile ambacho mito huuletea.

Unapatikana wapi? Katika Afrika ya tropiki, kila penye maji baridi yanayokwenda polepole. Yapo Sudd, katika Sudan Kusini. Yapo Ziwa Chad, kwenye delta ya Okavango nchini Botswana, kwenye mabwawa ya Upemba kule Katanga, kwenye mabonde ya Nyabarongo na Akanyaru nchini Rwanda, na hapa kwetu katika Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu ya kilomita za mraba 32,500 iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Naivasha yanamea katika mwinuko wa takriban mita 1,890. Hayavumilii barafu, wala chumvi nyingi. Ndiyo sababu huyaoni kando ya Ziwa Natron wala ufukweni mwa bahari. Na hayapendi mahali ambapo maji hupanda na kushuka kwa kishindo ndani ya msimu mmoja, kwa kuwa huko hushindwa na matete na nyasi nyingine.

Misri nayo yalikuwako, na sifa yake kubwa yaliipata huko. Mwaka 2013 wanaakiolojia wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walikuta huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, vipande vya karatasi ya mafunjo vyenye umri wa miaka kama 4,500. Ni kumbukumbu za kazi za ofisa aitwaye Merer, aliyesimamia kikosi cha mabaharia waliosafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza kwa ajili ya piramidi la Farao Khufu. Siku kwa siku ameandika walilala wapi na walipakia lini. Karatasi hiyo ilitengenezwa kwa kuchana ile nyama nyeupe ya shina kuwa vipande vyembamba, kuvipanga tabaka mbili zinazopishana, kisha kuvigandamiza na kuvikausha. Ustaarabu mzima uliweka hesabu zake, sala zake na madeni yake juu ya ndugu huyu wa ndago. Halafu Misri yenyewe ikayapoteza. Karatasi ya aina nyingine ilipochukua nafasi, mashamba ya mafunjo hayakuwa na mlezi tena, mabwawa ya delta yakageuzwa makonde, na kufikia karne ya 19 mmea huo ulikuwa karibu utoweke kabisa katika nchi hiyo. Sisi tunao bado. Nataka tulishike hilo akilini, kwa maana linaonyesha kwamba mmea unaweza kustawi mahali kwa maelfu ya miaka, kisha ukatoweka bila mtu yeyote kukusudia kuuangamiza.

Sasa niingie kwenye hoja yangu. Mtu akiuliza mafunjo huota wapi, jibu jepesi ni kando ya ziwa. Lakini kando ya ziwa ni wapi? Mbegu ya mafunjo ni ndogo mno, haioti chini ya maji, wala haioti kivulini kwa mama yake. Huota juu ya tope tupu lenye unyevu lililopigwa na jua, yaani tope ambalo maji yameliacha muda si mrefu. Kwa hiyo msitu mpya wa mafunjo huanza mwaka ambao ziwa limerudi nyuma. Miche hukua, hutambaza mashina yake, na ziwa linapopanda tena huinuka pamoja nalo na kuelea. Likipanda mno, mawimbi huikata kipande kwa kipande. Likishuka mno, mafunjo hubaki nchi kavu na kufa taratibu, huku watoto wake wakianza upya chini zaidi, kwenye tope jipya. Makao ya mmea huu, basi, ni ukanda wote ulioko kati ya kina cha chini kabisa na kina cha juu kabisa cha maji. Mwaka wowote ule utaukuta umekalia sehemu tu ya ukanda huo. Sehemu iliyobaki inaonekana haina mtu, na hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia.

Ziwa letu halijawahi kutulia. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilinyesha hata kina chake kikapanda zaidi ya mita 2. Wazee mliopo mnakumbuka nyumba na mashamba yaliyozama. Mwaka 2006, baada ya ukame na baada ya maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, kilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mei 2020 kilirudi kulekule kwa mwaka 1964. Mwezi mmoja kabla, Aprili 2020, kisiwa kinachoelea, kilichomeguka kutoka kwenye vinamasi vya mwambao, kilisukumwa na maji hadi bwawa la Nalubaale, kikaziba njia ya maji, na Uganda nzima ikakosa umeme. Magazeti yaliandika habari ile kama kioja. Kwangu haikuwa kioja hata kidogo. Mmea ulifanya kile ambacho umekuwa ukifanya tangu kabla hatujajenga bwawa lolote: ulisafiri na maji.

Ziwa linapokwenda chini, jembe hulifuata. Ni jambo la kueleweka kabisa. Udongo ule ni mweusi, una unyevu mwezi wa kiangazi, na mwenye njaa hawezi kuupita. Ilitokea mwaka 2006 kwenye mwambao wa nchi zote tatu. Imetokea Naivasha kwa muda mrefu zaidi, na huko mambo yanaonekana wazi kwa sababu ziwa ni dogo. Mito ya Malewa na Gilgil huingia upande wa kaskazini, na pale mdomoni palikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo kilichoyachuja maji kabla hayajaingia ziwani. Kina cha ziwa kiliposhuka, kwa ukame na kwa maji yaliyovutwa kumwagilia mashamba, mafunjo yalibaki nchi kavu. Nyati na ng'ombe, ambao zamani hawakuweza kuingia kwenye tope lile, waliingia wakala machipukizi na kukanyaga mashina. Sehemu nyingine ikalimwa. Maji yaliporudi hayakukuta kitu cha kuyapokea, na mashapo ya milimani yakapita moja kwa moja. Mmea haukushindwa na ukame. Ukame ni sehemu ya maisha yake. Ulishindwa kwa sababu tope lile, ambalo miche ilipaswa kuota juu yake, lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe.

Tunapoteza nini yakiondoka? Nikae hapa kidogo, na nianze na samaki, kwa kuwa wengi wenu mnaishi kwa samaki.

Ndani ya kinamasi cha mafunjo maji ni meusi na hayana hewa. Kivuli ni kizito, upepo hauyafikii maji, na mabua yanayooza chini yanamaliza oksijeni. Kamongo na kambale hawajali, kwani wanaweza kuvuta hewa ya juu. Sangara hawezi. Sangara ni samaki mkubwa mwenye mbio, anahitaji oksijeni nyingi, na maji ya mafunjo humchosha. Mnajua yaliyotokea baada ya sangara kuletwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960: furu wa aina nyingi sana, ambao hawakuwa wakipatikana mahali pengine popote duniani, walitoweka au wakawa nadra. Lakini mtafiti Lauren Chapman na wenzake, wakifanya kazi katika Ziwa Nabugabo nchini Uganda, waligundua kwamba baadhi ya samaki wa asili walikuwa wamepata kimbilio ukingoni mwa vinamasi na ndani yake. Walivumilia ukosefu wa hewa kuliko adui yao. Upande wa Kenya, katika kinamasi cha Yala, kuna Ziwa Kanyaboli, dogo, lililotenganishwa na Ziwa Viktoria na msitu wa mafunjo. Humo ngege wa asili aliendelea kuishi wakati ambapo ziwani alikuwa ameadimika mno. Yale maji tunayoyaita mabovu ndiyo yaliyomwokoa.

Na si samaki peke yao. Nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka, huishi katika vinamasi hivi na hutembea juu ya tope ambalo lingemzamisha mnyama mwingine. Kuna ndege wasiotoka humo kabisa. Mmoja ana kifua chekundu sana, mgongo mweusi na utosi wa manjano, na wakazi wa Dunga karibu na Kisumu huwaongoza wageni kwa mtumbwi kwenda kumtazama. Na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, katika vinamasi vya mafunjo vya Bugesera nchini Rwanda, watu waliowindwa na majirani zao walijificha topeni mchana kutwa, wiki baada ya wiki, maji yakiwafika shingoni. Wengi waliuawa humohumo. Waliopona wameyasimulia mafunjo yale katika ushuhuda wao, nami siwezi kuueleza mmea huu bila kuwataja.

Turudi kwenye maji. Mji wa Kampala kwa miongo mingi umepeleka majitaka yake katika kinamasi cha Nakivubo, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5, kabla hayajafika kwenye ghuba ambayo mji huohuo unatoa maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi walikokotoa kazi ya usafishaji iliyofanywa na kinamasi hicho, wakaona kwamba kuifanya kwa mitambo kungegharimu kiasi cha dola za Marekani milioni 1, pengine zaidi, kila mwaka. Mafunjo hunyonya naitrojeni na fosforasi, mizizi yake huzuia mashapo, na bakteria wanaoishi kati ya mizizi humalizia kazi. Lakini hesabu ile haikukizuia kinamasi kulimwa. Leo sehemu kubwa ina magimbi na miwa, na majitaka hupita katika mifereji iliyochimbwa ili mashamba yasilowe.

Nisiyapambe mafunjo kupita kiasi. Kinamasi kinachochuja pia kinatunza, na kile kinachotunzwa kinaweza kutoka. Mnaoishi bonde la Mto Mara mnakumbuka Machi 2022, maji yalipogeuka meusi na samaki kuelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema maji yalikosa oksijeni kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Mjadala ule sitaufungua upya hapa. Ninachosema ni kwamba kinamasi cha Mara kimepanuka katika miongo iliyopita, kikipokea udongo kutoka nyanda za juu zilizokatwa miti, na mifugo mingi inategemea malisho ya pembezoni mwake. Mafunjo hayawezi kuchuja uzembe wa bonde zima. Yanafanya kazi kulingana na nafasi yaliyopewa na mzigo yanaobebeshwa.

Kuna hoja moja ambayo husikika kila mara kinamasi kinapotaka kukaushwa, hata kwa watu wenye nia njema: kwamba kinaleta malaria. Katika wilaya ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, Kim Lindblade na wenzake walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo vilivyoachwa na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Vijiji vya upande wa vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi, na joto liliendana na mbu wengi zaidi wa malaria majumbani. Mbu huyo hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua, kama vile vinavyobaki kati ya matuta. Msitu wa mafunjo humnyima jua.

Kuna pia wanaosema kinamasi kinapoteza maji angani. Fikra hiyo ndiyo iliyozaa mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuyapitisha maji ya Nile pembeni mwa Sudd ili yasikauke humo. Uchimbaji ulianza 1978. Vita viliusimamisha mwanzoni mwa 1984, zaidi ya kilomita 200 zikiwa zimeshachimbwa kati ya 360. Mtaro upo bado, mkavu, umekata njia za wanyama na mifugo. Mvuke unaotoka kwenye kinamasi hauendi bure. Kwa wafugaji wa kule, kupanda na kushuka kwa maji ndiko kunakoleta malisho ya kiangazi.

Naomba nisieleweke kwamba mafunjo yasiguswe. Huku kwetu na ng'ambo, akina mama husuka mikeka na vikapu vya mafunjo, mafundi huyatumia kwa dari, uzio na viti, wavuvi huanikia samaki juu ya mikeka yake, na katika Ziwa Tana nchini Ethiopia bado kuna mitumbwi ya mafunjo matupu. Mkataji si adui wa mmea huu. Ukikata shina lililokomaa juu ya maji, rizomu itachipua nyingine. Kinachoudhoofisha ni kurudi mahali palepale kila baada ya miezi michache, kabla akiba haijarudi chini. Pakiachwa kwa muda wa karibu mwaka, msitu husimama tena. Wasukaji wengi wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Moto na jembe haviupi mmea muda huo.

Basi tufanye nini? Sheria zipo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaziweka ardhioevu mikononi mwa serikali kama amana ya wananchi. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa au mto. Ni sheria nzuri, nami naiunga mkono. Swali langu ni hili: mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani? Tukipima kutoka ukingo wa 2006, tutakuwa tumegawa viwanja ndani ya ziwa la 2020. Na familia zilizojenga kwa nia njema mwaka ambao maji yalikuwa mbali, zikafurikwa baadaye, zimeshalipa gharama ya kipimo hicho.

Pendekezo langu ni la kawaida, na halihitaji fedha nyingi. Kina cha ziwa hupimwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kina cha juu kabisa kinajulikana hadi sentimita. Kila halmashauri yenye mwambao iweke vigingi vya saruji pale maji yalipofika katika kina hicho, na mita 60 zihesabiwe kutoka kwenye vigingi hivyo, kwenda bara. Chini ya vigingi, ardhi isimilikishwe mtu. Maji yakirudi nyuma, watu walishe, wakate, wavue, hata walime mboga za msimu mahali ambapo serikali ya kijiji imeridhia, lakini pasiwe na hati, msingi wa nyumba wala mtaro wa kukausha, na kila kijiji kiache vipande vya tope tupu vilivyo jirani na mafunjo yaliyosimama, mbegu zipate pa kuangukia. Wazee wanaokumbuka maji ya 1964 wahusishwe wakati wa kupiga vigingi, kwa sababu kuna ghuba nyingi ambazo hakuna kipimo kilichowahi kuwekwa, na wao wanajua ni mwembe upi ulizama na ni upi ulibaki.